Mguu Juu ya Karatasi ya Kaki

Hakuwa na picha ya mkewe. Mambo yote yalianzia hapo, ingawa vitu alivyovikosa Mzee Soli jioni ile, akiwa amekaa mbele ya kompyuta katika ukumbi wa maktaba, vilikuwa vingi zaidi. Hakuwa na miwani iliyokaa sawa. Mkono mmoja wa miwani yake aliufunga kwa uzi wa nta, uzi uleule aliotumia kushonea viatu. Hakuwa na vidole vya kazi hii. Vyake vilikuwa vinene, na rangi ya viatu ilikuwa imeingia kwenye kucha ikagoma kutoka. Hakuwa na barua pepe. Hakuwa na subira. Hakuwa na meno ya mbele, kwa hiyo neno "bonyeza", ambalo mwalimu alilitumia kama mtu anavyotumia pumzi, yeye alilitamka kwa upepo mwingi. Na hakuwa na mtu wa kumcheka kwa jambo hilo, maana aliyekuwa akimcheka alizikwa mwaka uliopita, siku ya mvua, bila kuacha sura yake popote.

"Babu, umeshaingia?" mwalimu alimuuliza. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, na darasa zima la watu wazima lilikuwa limemwita Mwalimu Bonyeza tangu siku ya kwanza.

"Nimekaa hapa muda wote huu. Niingie wapi tena?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Jina la Soli lilitokana na kazi. Banda lake la viatu lilikuwa kando ya barabara, kati ya duka la vifaa vya umeme na kinyozi, na mteja mgeni alipoulizia fundi aliambiwa, "Nenda kwa Soli, yule asiyecheka." Hawakuwa sahihi. Alicheka, ila alicheka nyumbani.

Kilichompeleka maktaba ni simu ya binti yake. Binti huyo aliolewa mbali, nchi ya baridi, akazaa huko mtoto wa kike ambaye bibi yake hakuwahi kumbeba.

"Baba," alisema, "mjukuu wako ananiuliza bibi alikuwaje. Nimwambie nini? Hata picha moja sina."

"Mwambie alinizidi urefu kidogo."

"Baba!"

"Basi mwambie hakupenda picha."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mwenzangu, maana ndivyo alivyomwita mkewe miaka yote wala hakumwita vingine, aliugua ndui utotoni, na ndui ilipoondoka iliuacha uso wake na vishimo, vingine vikubwa vingine vidogo, vimesongamana shavuni na kutawanyika kwenye paji, kama ngozi iliyochezewa kwa msharasi, sindano nene ya kutobolea, na mtoto wa fundi. Kamera ilipoinuka, mkono wake wa kushoto nao uliinuka. Katika picha za harusi ya binti yao yumo, mstari wa mbele, amevaa viatu vipya, na mahali pa uso pana kiganja. Kamera iliyowahi kumshinda ni ya ofisi ya vitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe kilirudishwa alipofariki, kama utaratibu ulivyotaka. Karani alikikata kona kwa mkasi, akakitupia ndani ya droo.

Mpwa wake, kijana wa kuuza simu, aliposikia habari hiyo alipiga vidole. "Mjomba, hilo nalo ni jambo? Siku hizi kuna akili mnemba. Unaiandikia maneno, inakuchorea mtu. Nipe sifa za marehemu, nikutolee picha sasa hivi."

"Wewe ndiye umchore mke wangu?"

"Mashine ndiyo itakayochora."

"Ndiyo mbaya zaidi." Soli aliweka nyundo chini. "Nimejifunza kusoma nikiwa na mke na watoto, darasa la usiku, nimekaa dawati moja na mpagazi na mpishi, na cheti ninacho. Hiki nacho nitajifunza. Kama mke wangu ni wa kuandikwa, nitamwandika mimi."

Ndiyo maana alikuwa pale, jioni baada ya kufunga banda, mikono ikinuka gundi, kati ya mstaafu mmoja wa reli aliyetaka kadi za harusi na mwanamke mnene aliyeitwa Mama Mayai kwa sababu aliyauza. Huyu alitaka picha ya kuku wa kuweka kwenye bango lake.

"Mwalimu, njoo uone," Mama Mayai aliita. "Kuku wangu ana miguu mitatu."

"Huyo ni wa faida," mstaafu alisema. "Paja la ziada."

"Na meno je? Tangu lini kuku akawa na meno? Angalia anavyonichekea, mshenzi huyu."

Soli alichungulia. Kuku alikuwa mnene, manyoya yaking'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na ndani ya mdomo wake uliokuwa wazi mlijipanga meno madogo, meupe, ya mtoto. Alirudi kwenye kiti chake akajifuta midomo kwa leso ingawa haikuwa na kitu.

Kisha akaandika, kidole kimoja kikitafuta herufi kama kuku huyohuyo anavyodonoa: *Mwanamke mzee, mweusi, mwembamba, ana makovu ya ndui usoni, amekaa mlangoni mwa banda la fundi viatu, amevaa viatu vya ngozi ya kahawia.* Aliweka nukta mwishoni. Walimfundisha hivyo.

"Sasa bonyeza," mwalimu alisema.

Alibonyeza. Kioo kikafanya ukungu, ukungu ukajikusanya, na kutoka humo akatoka kikongwe aliyekaa juu ya kifusi, matambara mwilini, vidonda vibichi vikimtiririka usoni, macho yamejaa machozi, mkono umenyooshwa kuomba. Banda halikuwapo. Viatu havikuwapo.

Soli alikisogelea kioo. Halafu aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani kaiambia kwamba mke wangu ni ombaomba?"

"Hakuna aliyeiambia, Babu. Imelishwa picha nyingi za watu, inabahatisha kutokana na hizo. Ikisikia mzee, ikasikia ndui, inafikiri mateso." Binti aliinama karibu naye. "Ondoa hilo neno ndui. Linaichanganya."

Alikitazama kitufe cha kufutia. Alijua vizuri kabisa alichokuwa akiambiwa afanye, hakuwa mtoto. Lakini alikuwa mwanafunzi, na maisha yake yote aliwaheshimu walimu. Akabonyeza. Ikaondoka i, ikaondoka u, ikaondoka d, ikaondoka n. Halikuwa neno refu.

Safari hii darasa zima lilikuja kusimama nyuma yake.

"Loo!" Mama Mayai alisema. "Kumbe Babu ulioa malaika."

Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa amekaa mlangoni, ndiyo, na mlango ulikuwa wa banda. Mwanga wa dhahabu ulimwangukia kichwani. Ngozi yake ilikuwa laini kama yai lililomenywa, mvi zake zimejipanga kama za kununua, meno yake kamili. Alitabasamu moja kwa moja kwa anayemtazama, bila aibu na bila sababu.

Soli hakumtazama usoni. Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la kazi yake. Mtu alipoingia bandani kwake, Soli alimjua kuanzia chini, na mara nyingi hakufika juu. Kulikuwa na wateja wa miaka mingi ambao angepishana nao barabarani bila salamu kama wangevaa ndala. Kwa hiyo macho yake yalishuka yenyewe hadi miguuni, yakakwama huko.

"Takataka," alisema.

"Nini tena, Babu?"

"Tazama kamba za kiatu. Zinaingia wapi? Hakuna tundu. Zimezama kwenye ngozi kama minyoo. Na hiki kisigino kimeota kutoka sakafuni. Na viatu vyote viwili ni vya mguu wa kulia! Nani aliyeshona uchafu huu?"

"Hakuna aliyeshona."

"Naona!"

Kinyaa alichokisikia kilikuwa cha kweli, cha mwilini, kama cha mtu aliyetafuna tonge akakuta unywele. Katika ufundi wake alishaona viatu vibaya vya kila namna: soli za karatasi, mishono ya kudanganyia macho, gundi iliyopakwa na mtu mlevi. Lakini nyuma ya kila kiatu kibaya alikuwapo mtu wa kutukanwa. Hapa hapakuwa na mtu. Kiatu kilijifanya kiatu, basi.

Akaapa kwamba mkewe hatavaa kile. Na majuma yaliyofuata alipigana na mashine kufa na kupona, akipigania miguu.

Miguu ya Mwenzangu aliijua kuliko alivyojua ya kwake. Yeye ndiye aliyeishonea viatu tangu uchumba. Kwenye rafu ya banda, katikati ya kalibu za mti alizotumia kusimamishia viatu, ilikuwapo jozi ya Mwenzangu, na ile ya kushoto alikuwa ameibandika vipande vya ngozi upande mmoja, tabaka juu ya tabaka, kila baada ya miaka kadhaa kipande kingine. Chini ya kidole gumba cha mguu huo mfupa ulikuwa unatoka nje, ukafanya nundu, na nundu ilikua naye. Viatu vya dukani vilimliza. Vya Soli vilimpa nafasi.

Kwa hiyo aliandika: *mguu wa kushoto una nundu ya mfupa.* Mashine ikampa uvimbe mkubwa kama kiazi, unaong'aa. Aliandika: *nundu ndogo.* Ikampa vidole sita. Aliandika: *vidole vitano, vimo ndani ya kiatu, havionekani, kiatu kimepanuka kidogo upande wa ndani.* Ikamvua viatu kabisa, ikampaka rangi kucha. Jioni nyingine ilimvisha visigino virefu, na Soli akainuka akatoka nje kupunga upepo, uso umemkunjamana kama aliyelambishwa shubiri.

"Huyu mzee anagombana na kompyuta kama mke mwenza," mstaafu wa reli alinong'ona.

"Mwache," Mama Mayai alisema. "Wangu kapata midomo miwili."

Na siku moja ikatokea. Viatu vya kahawia, kamba zimepita kwenye matundu yake, soli imeshonwa ukingoni, na pale kwenye kiatu cha kushoto, upande wa ndani, ngozi imesukumwa nje kidogo na kukunjamana, hasa kama ngozi ya zamani inavyofanya ikishamzoea mwenyewe. Aliisogeza miwani, akakaribia kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu.

"Hii!" alipiga kelele. "Mwalimu! Hii! Usiiguse tena!"

Mwalimu Bonyeza alipiga makofi, na kwa simu yake mwenyewe akaituma picha ile hadi kwa binti, ng'ambo. Jioni ile Soli alirudi nyumbani akipiga mluzi, jambo ambalo majirani walilizungumzia.

Sifa zilikuja kwa haraka. Binti alipiga simu akilia: "Baba, umewezaje? Mama kakaa pale kabisa! Nimeikuza, nimeitia fremu, iko sebuleni." Ndugu walitumiana picha hiyo kwenye simu zao. Mpwa, ili kumaliza ubishi wa nani fundi zaidi, aliichapisha kubwa kama dirisha akaja na nyundo na misumari kuitundika ukutani kwa mjomba wake. Majirani waliingia, wakasimama, wakashika viuno.

"Kumbe marehemu alikuwa mrembo hivi?"

"Uzee unatuficha mengi, jamani."

"Na ile ngozi! Alikuwa anapaka nini?"

Waliosema hayo walikuwa watu walioishi naye ukuta kwa ukuta. Walimjua. Walichota naye maji. Na sasa walikuwa wanamsahau mbele ya Soli, waziwazi, kwa furaha. Ndipo kwa mara ya kwanza alipoinua macho kutoka kwenye viatu, akapita magoti, akapita mikono, akafika usoni. Hakumjua yule mwanamke.

Bado angeweza kujidanganya, kama si shemeji yake. Mdogo wa Mwenzangu alifika mwisho wa juma kwa basi, mwanamke mkavu, mwenye ulimi mkali, aliyezoea kutaniana na Soli tangu ujana. Aliweka kikapu chini. Akatazama ukuta.

"Shemeji," alisema, "umeoa lini?"

"Acha utani."

"Mimi nauliza. Nimekuta mwanamke ndani. Huyu ni nani?"

"Dada yako."

"Dada yangu yupi?"

"Unaye mwingine? Tazama vizuri. Tazama viatu. Tazama mguu wa kushoto, ile nundu, nimehangaika nayo kwa—"

"Viatu!" Akamgeukia. "Shemeji, tulizika viatu?"

Soli akavitazama tena vile viatu.

Shemeji aliketi kwenye kiti cha mlangoni, kiti cha dada yake, akavua kitambaa cha kichwa akajipepea. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Unajua ile ndui ilikuwa yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kuugua. Nilikuwa mdogo, nimetengwa chumbani peke yangu, nalia usiku kucha. Yeye akaruka dirisha akaja kulala na mimi, ili ninyamaze. Mama alipotukuta asubuhi tumekumbatiana, alipiga yowe la msiba. Mimi nimebaki na kovu moja, hili hapa kwenye nyusi. Mengine yote aliyachukua yeye." Alinyoosha kidole kuelekea ukutani bila kutazama. "Sasa nyinyi mmeyafuta. Mmeyapeleka wapi?"

Soli alikuwa anajua. Mwenzangu alimsimulia habari hiyo mara moja tu, zamani, akiwa amempa mgongo. Alijua, na alifuta herufi moja baada ya nyingine kwa kidole chake mwenyewe.

Shemeji alipoondoka, aliishusha picha akaigeuza ielekee ukuta. Akakaa kitandani, akafumba macho ili amwone mkewe. Akaja yule mwingine. Alikuja na mwanga wake wa dhahabu, na meno yake, akitabasamu bila sababu. Soli alifumbua macho, akafumba tena, akajaribu kumpata Mwenzangu akiwa kisimani, akiwa mgonjwa, akiwa amekasirika. Kila alipomgeuza, alimkuta na ngozi ya yai lililomenywa. Alitoka nje akatema mate. Akatema tena. Ladha haikuondoka.

Alirudi maktaba. Alilirudisha neno ndui mahali pake, akaongeza mengine: *makovu mengi, ya zamani, yaliyopona, si vidonda, si ombaomba, anakaribia kucheka.* Akabonyeza.

Mashine ilimpa alichokitaka. Mwanamke yuleyule, ngozi ileile, mwanga uleule, na juu ya mashavu yake makovu madogo ya duara, yaliyolingana ukubwa, yaliyopangwa kwa nafasi sawa kushoto na kulia. Yalimremba. Yalikuwa kama nakshi ya kikapu, au kama matundu ya kiatu cha kiwandani.

Soli aliziba mdomo kwa kiganja.

"Babu, unaumwa?" Mwalimu Bonyeza alikuja mbio.

"Zima."

"Tunaweza kujaribu tena. Tuandike kwamba yasilingane, tuandike—"

"Mwanangu, zima. Hii mashine haijawahi kumwona."

"Haijawahi kumwona mtu yeyote, Babu. Nilikuambia tangu mwanzo, inabahatisha." Alisita, kisha akasema kwa upole, lakini alisema: "Ila wewe ulimwona. Na wewe ndiye uliyesema, hii, usiiguse."

Soli aliinuka. Alifunga vifungo vya koti, akamshukuru kwa masomo, akawaaga wenzake mmoja mmoja. Mama Mayai alimwonyesha bango lake jipya: alikuwa amemlipa mchora mabango amchoree kuku kwa brashi, na kuku alikuwa na miguu miwili, na hakufanana sana na kuku.

Jumapili alimpigia binti yake.

"Ile picha itupe."

"Baba? Nani kakuudhi?"

"Si mama yako yule. Itupe."

Kwa mbali kwenye simu alisikia sauti ya mtoto akiimba peke yake, wimbo usio na maneno.

"Baba, mjukuu wako anaibusu kabla ya kulala. Kila siku. Anaiita Bibi. Nimwambie nini sasa, Bibi amefukuzwa?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli upi? Mama mwenyewe hakutaka ukweli huo uonekane. Kila picha alijifunika. Umewahi kufikiri labda hii angeipenda? Labda angefurahi, mara moja tu, kutazamwa hivi?"

Soli alisogeza simu mbali na sikio, akaitazama, kana kwamba imetoa harufu. Halafu akairudisha. Swali lile lilimwingia na likakaa. Alijua lingekaa naye hadi kaburini. Hakujua Mwenzangu angesema nini. Angeweza kucheka. Angeweza kuitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaenda jikoni bila kusema neno.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui, mwanangu. Lakini mtoto anambusu mtu ambaye hayupo, na hakuwahi kuwapo. Bibi yake alikuwapo."

"Basi nipe kitu kingine, Baba. Nipe chochote cha kumwonyesha. Sina."

Siku iliyofuata hakupokea kazi. Alifungua mlango wa banda nusu tu, akasimama mbele ya msumari mrefu wa ukutani, mahali alipotundika vipimo vya wateja. Kila mteja wa kushonewa viatu vipya alisimamishwa juu ya karatasi ya kaki, naye Soli alipiga magoti akazungusha penseli kando ya mguu. Karatasi alizitoboa, akazitundika. Wengi wao walishakufa. Alizipekua kuanzia juu, karatasi zikibadilika rangi kadiri alivyozidi kwenda nyuma, hadi akaufikia mwaka wa harusi ya binti yao.

Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto.

Aliutoa wa kushoto, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango. Mstari ulianzia kisiginoni, ukapanda, ukaizunguka nundu kwa heshima, ukahesabu vidole. Upande wa ndani, pale ambapo mguu unajiinua kutoka ardhini, mstari uliruka. Uliruka nje ghafla kama panzi, ukakata kona kali, kisha ukarudi kuendelea na safari. Soli aliweka kidole juu ya kona ile.

Penseli ilikuwa imemtekenya. Alikumbuka sasa. Mwenzangu alikuwa amesimama hapo hapo, mkono umemshika fundi begani ili asianguke, na penseli ilipopita uvungu wa mguu alipiga kelele ya kicheko, mguu ukaruka, akasema, "We Soli, una kazi kweli au unanichezea?" Naye Soli akainua uso kutoka chini kumtazama. Akamwona. Akamwona mkono wake wa kushoto ukienda usoni, kwa mazoea, ingawa kamera haikuwapo. Ukafika nusu ya njia, ukasimama. Kwa kuwa alikuwa anacheka, alisahau kuumalizia.

Sura yote haikurudi. Lilirudi shavu moja, la upande wa mlango, mwanga ukiingia kwenye vishimo na kukaa humo. Alilishika hilo. Lilitosha kuandikia.

Aliketi kwenye kigoda, akaweka ubao magotini, akaandika kwa mwandiko wa darasa la usiku, herufi kubwa zilizosimama wima. Alimwandikia mjukuu, si mama yake. Aliandika habari ya dirisha na kitanda kimoja na mdogo mtu aliyekuwa analia. Aliandika neno ndui, na akalipigia mstari ili mama mtu asije akaliruka wakati wa kumsomea. Kuhusu picha ya ukutani hakuamuru kitu. Mwishoni aliandika: *Huu ni mguu wa bibi yako mwenyewe, si wa kuchorwa. Uweke wako juu yake. Pale mstari unaporuka, alikuwa anacheka.*

Wa kulia aliuacha kwenye msumari; wa kushoto aliukunja ndani ya bahasha pamoja na barua.

Bahasha haikushika, ulimi wake ulikuwa mkavu, na gundi ya bahasha yenyewe ilikuwa ya kizamani. Akachovya kijiti kwenye kopo la gundi ya viatu, akapaka ukingoni, akabana kwa kidole gumba kama anavyobana soli, akihesabu kimoyomoyo hadi iliposhika. Kisha akavaa koti, akafunga banda, akatembea hadi posta.

Karani wa dirishani aliipokea, akaipima, akainusa.

"Mzee, umefunga nini humu? Kiatu?"

"Kiatu hakingeingia," Soli alisema.

Karani alibandika stempu, akagonga muhuri, akamwonyesha sanduku jekundu pembeni. Soli aliisukuma bahasha kwenye mdomo wa sanduku hadi nusu, akasita, akaisukuma tena. Alipoachia, haikuondoka mara moja. Gundi iliyovuja ukingoni ilikuwa bado mbichi, ikamng'ang'ania kidole gumba. Alisubiri mkono ukiwa umenyooshwa, watu wakijipanga nyuma yake, hadi bahasha ilipojibandua yenyewe, polepole, ikaanguka ndani.